Zima Redio Kwanza

Tafakari ya juma. Masomo: 1 Samweli 2:12–17, 22–25, 1 Samweli 3:1–18



Anayekaa njia panda ya Mwandiga kwa muda hujifunza kuyajua magari kwa masikio. Hiace ya kutoka mjini Kigoma hutambulika kwa mlango wa pembeni unaocheza kwenye reli yake. Fuso lililoshuka na ndizi kutoka Kalinzi hufika breki zikilia na harufu yake ikitangulia. Teksi ndogo zikipanda tuta hugonga mbele, ko-ko, zinanyamaza kidogo, kisha tairi za nyuma zinapanda nazo zinajibu. Abiria wameshazoea. Dereva amezoea kuliko wote, na siku mlio ukimkera kupita kiasi hunyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

Juma hili naomba tuutazame mkono huo.

Barabara ya kutoka hapa kwetu hadi Manyovu, kilomita 60 hivi za kupanda na kushuka, siku hizi ni lami, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini gari la Mwandiga haliishi kwenye lami. Linaiacha lami kuingia vijijini kufuata maharage, mikungu ya ndizi, kahawa na madumu ya mawese. Masika linavuka makorongo, kiangazi linakula vumbi. Mengi ya magari haya yalitufikia yakiwa yameshatumika miaka mingi Japani. Ndani ya miguu yake kuna vipande vya mpira vilivyowekwa kati ya chuma na chuma, ndivyo mafundi wanavyoviita bushi. Mpira ukizeeka hukauka, ukikauka hupasuka, na pale ulipokuwa panabaki nafasi. Chuma kinaanza kugonga chuma mwenzake. Mlio huzaliwa hapo, kwenye nafasi ndogo ambayo zamani ilikuwa na kitu laini.

Nimeanza na bushi kwa sababu ya Samweli.

Habari yake mnaijua tangu shule ya Jumapili. Kijana amelala hekaluni kule Shilo, taa ya Mungu haijazimika, anasikia akiitwa. Anaamka mbio kwenda kwa kuhani Eli. Eli hakumwita. Anarudi kulala, anaitwa tena, anakimbia tena kwa Eli, na mara ya tatu vilevile. Watoto huipenda sehemu hii kwa kuwa inarudiarudia. Sisi watu wazima tuangalie jambo lingine: Samweli alisikia vizuri kabisa. Masikio yake yalikuwa mazima na utii wake ulikuwa mzima, maana ni nani kati yetu angeamka usiku mara tatu bila kunung'unika? Kilichompotea ni chanzo. Alisikia sauti, akakimbilia kwa mtu aliyekuwa karibu zaidi.

Pikapu ya kanisa ilipoanza kugonga, kila aliyeipanda alikuwa na jibu. Mzee mmoja alisema ni shokapu. Mwalimu wa kwaya alisema injini imelegea kwenye vikalio vyake. Dereva wetu, aliyekaa nayo siku nzima, alikuwa na hakika kwamba mlio unatoka upande wa kulia, chini ya miguu yake mwenyewe. Tukaipeleka kwa fundi anayefanyia kazi chini ya michikichi, kando ya barabara. Nilipoanza kumweleza habari za shokapu alinikatisha kwa adabu, mikono yake ikiwa bado na grisi.

"Samahani, Baba Mchungaji. Usiniambie kilichokufa. Niambie linalia lini."

Nimelichukua swali hilo na kulitumia mahali pengi tangu siku ile. Linalia lini? Asubuhi likiwa la baridi, au likishapata moto? Linalia likiwa limesimama na injini inawaka, au mpaka litembee? Ukitoa gia ukaliacha litelemke lenyewe, mlio unabaki au unakoma? Ukikanyaga breki kidogo, unanyamaza? Ukikata kona ya kulia unaongezeka, ukikata ya kushoto unapungua? Kila jibu hufunga mlango mmoja. Mlio unaobaki gia ikiwa imetolewa una uwezekano mkubwa wa kuwa wa magurudumu kuliko wa injini. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, tena unazidi ukikata kulia, humfanya fundi aishuku beringi ya kushoto, maana kwenye kona hiyo uzito wa gari hulalia kushoto. Kulia tak-tak-tak usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na mguu ukiwa kwenye moto, hiyo ni jointi ya ekseli: mfuko wake wa mpira umechanika, grisi imetoka, vumbi limeingia. Kutetema kwa bati gari likiwa limesimama tu, huwa ni lile bati la kukinga joto la ekzosi ambalo nati yake imeliwa na kutu, na tiba yake inaweza kuwa nati moja tu.

Dereva wetu alijibu maswali yote. Linagonga kwenye vishimo vidogo, si kwenye vikubwa. Baridi na moto, sawasawa. Breki haibadilishi kitu.

Ndipo fundi akasema tutoe vitu. Kutoka nyuma ya kiti na chini ya kiti yalitoka madumu matupu ya mawese, jeki, spana ya tairi, mwavuli, chupa za soda, na kifuniko cha sufuria kilichobaki tangu semina ya vijana. Alivipanga vyote kwenye mkeka. Akamwambia dereva azime redio, akatuomba na sisi tunyamaze, akaingia kukaa nyuma. Hakushika usukani. Tulikwenda kwenye njia ya vumbi kwa mwendo wa mtu anayetembea, naye akiweka kiganja mlangoni, kisha ubavuni mwa kiti, kisha akainama akaweka kiganja sakafuni. Tulipopita kwenye kishimo, likagonga. "Rudi palepale," akasema. Dereva akarudi nyuma, akapita tena. Likagonga. "Rudi tena."

Kwa muda wote ule hakuwa amefungua nati hata moja. Baadaye alinieleza kwamba hafungui kitu kabla hajausikia mlio kwa masikio yake mwenyewe, na kuusikia mara moja hakumtoshi. Lazima aweze kuuita ukaja.

Gari lilipoinuliwa kwa jeki alishika tairi juu na chini akalitikisa: kimya. Akalishika kulia na kushoto akalitikisa: kimya. Beringi nzima, vichwa vya usukani vizima. Akapitisha mtaimbo kati ya vyuma, akaukandamiza kwa upole. Ko. Kilikuwa kijiti cha chuma chenye kichwa cha duara kila mwisho, mafundi hukiita stablaiza linki. Kifuniko cha mpira cha kichwa cha chini kilikuwa kimepasuka, na ndani, badala ya grisi, mlikuwa na udongo mwekundu wa kwetu. Kilikuwa upande wa kushoto.

Dereva aliyekuwa na hakika ya upande wa kulia hakusema uongo. Sauti husafiri hewani kwa mita 340 hivi kwa sekunde, lakini ndani ya chuma husafiri kwa zaidi ya mita 5,000. Kijiti kile kimefungwa kwenye chuma kirefu kinachounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, kazi yake ni kulizuia gari lisilale likikata kona. Kikigonga kushoto, chuma hicho huubeba mlio mpaka kulia, bodi nzima inaupokea, na sikio lililozoea kupima sauti ya hewani halina tena pa kushika. Mtu aliye ndani ya gari ndiye anayeusikia mlio zaidi ya wote na ndiye aliye na nafasi kubwa ya kukosea unakotoka. Magari mangapi yamevishwa shokapu mpya na bado yanagonga!

Sasa turudi Shilo. Eli alikuwa mzee, macho yake yamefifia, na Biblia inasema wazi kwamba neno la Bwana lilikuwa adimu siku zile. Mara mbili alimrudisha kijana kitandani bila maelezo. Mara ya tatu akatambua. Hapo alifanya jambo ambalo nimelifikiria sana: hakwenda yeye kusikiliza badala ya Samweli, wala hakumpa maana ya sauti asiyoisikia. Alimwambia arudi akalale mahali pake palepale, akamfundisha la kujibu akiitwa tena. Mahali palepale, hali ileile, kimya, na kusubiri. Natamani kila mzee wa kanisa, kila shangazi na kila mjomba anayeitwa kusuluhisha nyumba ya mtu angekuwa na subira ya namna ile. Wengi wetu tunafika mlangoni tayari tumeshashika spana.

Lakini habari ya Eli haijaishia kwenye hekima hiyo, na hapa ndipo somo linapotuuma. Sauti ile ilikuwa na ujumbe, na ujumbe ulihusu nyumba ya Eli. Ukirudi sura ya pili utaona kwamba kelele zilianza zamani. Zilianza kwenye sufuria la nyama. Wanawe, Hofni na Finehasi, walikuwa makuhani, na watu walipoleta dhabihu mtumishi wa kuhani alikuja na uma wa meno matatu akachota nyama, akadai hata ile mbichi kabla mafuta hayajateketezwa kwa Bwana. Mwenye dhabihu alilalamika. Malalamiko yenyewe yalikuwa ya adabu na ya jambo dogo: mafuta yateketezwe kwanza, kisha mchukue mnachotaka. Akajibiwa kwa vitisho. Mtu yule hana jina katika maandiko, nami namheshimu. Alitaja kasoro mapema, ikiwa bado kwenye nyama.

Pedi za breki za magari mengi zina kibati chembamba kilichowekwa na mtengenezaji kwa makusudi. Pedi ikiwa nene kibati hakigusi kitu. Ikikonda kinaanza kukwaruza diski, na gari linatoa mlio mwembamba unaokera meno. Kukera huko kulipangwa. Aliyelitengeneza gari alifikiria mbele, akaona siku dereva atakaposahau, akamwekea sauti ya kumsumbua wakati bado kuna kilomita za kwenda na tiba ni ya bei ndogo. Dereva akiongeza redio, kibati kitalia mpaka pedi iishe kabisa, kisha chuma cha pedi kitakamata diski, na mlio utabadilika kuwa mnguruno mzito. Siku hiyo atanunua pedi na diski pamoja, akiwa amefika salama.

Eli alisikia. Maandiko hayamhesabu kuwa kiziwi. Yanasema alizisikia habari za wanawe kutoka kwa watu wote, akawaita, akawaonya kwa maneno. Walipokataa, akaendelea na ibada. Na hukumu aliyoambiwa Samweli usiku ule ilitaja jambo hilo hasa: alijua, wala hakuwazuia. Redio ya Eli ilikuwa ni ibada yenyewe, na hili naliandika nikitetemeka, maana sisi watumishi tuna redio kubwa kuliko watu wote. Tuna kwaya, tuna mikesha, tuna vipaza sauti, tuna semina. Nyumba inaweza kulia miaka kumi ndani ya sifa nzuri na asisikie mtu.

Nieleze habari ya nyumba moja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wenyewe wasitambulike, nao wameniruhusu kuandika.

Mume ni mvuvi wa dagaa, anatokea Kibirizi. Mnajua kazi hiyo ilivyo: dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inavuta usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu maji yote yana mwanga, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanarudi nyumbani kungoja giza. Mke alikuja kwangu akisema mume wake amekuwa mkali. Chakula kina chumvi, mlango haujafungwa, watoto wanapiga kelele, sare ya shule imechafuka. Mume, nilipomwita, alisema mkewe hamheshimu na kwamba nyumba imekuwa ya mama na watoto, yeye ni mgeni. Ndugu walikuwa wameshatoa dawa: wa upande wa mume walitaka mke arudi kwao Kasulu kwa muda, wa upande wa mke walitaka mume aache ziwa alime.

Niliwauliza swali la fundi. Lini?

Walitazamana. Mke akasema, mbalamwezi, akirudi. Nikauliza, siku ya kwanza? Akafikiri. Hapana, siku ya kwanza huwa ni furaha, huleta migebuka, watoto humrukia. Siku ya pili? Jioni ya siku ya pili. Siku ya pili asubuhi huwa anakwenda wapi? Mke hakujua, alidhani ni kijiweni. Mume akainamisha kichwa. Siku ya pili huwa anakwenda kwa tajiri kufanya hesabu. Alikuwa amechukua fedha za wavu uliopotea, deni lilikuwa linakatwa kila mwezi wala halionekani kuisha, na hakuwa amemwambia mkewe kwa kuwa aliona aibu. Kila mbalamwezi alitoka kwenye hesabu zile akiwa mtupu, akaingia nyumbani, akaonja mboga, akasema ina chumvi.

Mboga haikuwa na chumvi. Sare haikuwa na shida. Mlio ulitokea kwenye hesabu za asubuhi, ukasafiri kwenye chuma kinachowaunganisha hawa wawili, ukasikika jikoni. Na mke, kwa kuwa jikoni ndiko alikousikia, alikuwa amebadilisha mapishi, amebadilisha sabuni, amewafunga watoto midomo. Deni bado lipo ninapoandika. Wanalilipa wakilijua wote wawili, na siku ya hesabu mke huandamana naye hadi kwa tajiri.

Nadhani nyumba nyingi za ufukweni kwetu zilipitia jambo la namna hii mwaka 2024, Serikali ilipopumzisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu baba yuko nyumbani, na fedha hakuna. Watu walisema kufungwa kwa ziwa kumeleta ugomvi. Mimi naona gari lilizimwa redio. Mlio uliokuwa umefunikwa na kazi, safari na uchovu ulisikika mchana kweupe, na waliokuwa na moyo wa kuutafuta waliupata.

Sasa, wapendwa, nataka kusema jambo moja kwa uzito wote, mtu asije akaitumia tafakari hii vibaya. Ipo milio ambayo fundi akiisikia hakai nyuma wala hasemi rudi tena. Anasema simamisha hapa hapa, shukeni. Boljointi iliyolegea kabisa ikichomoka, tairi linalala pembeni na gari halina tena anayeliongoza. Kipigo ndani ya nyumba ni mlio wa namna hiyo. Mtoto anayeguswa vibaya na mtu mzima ni mlio wa namna hiyo. Mama anayepigwa asiambiwe na mtu yeyote, mchungaji akiwa wa kwanza, kwamba akae atulie atafute chanzo. Atoke kwanza. Aende kwa jirani, aende zahanati akatibiwe na majeraha yaandikwe, aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Nyumba yetu ya mchungaji ina kitanda na mlango wake hugongwa saa yoyote. Chanzo kitatafutwa baadaye, aliye hatarini akiwa mbali na mkono unaopiga.

Na ipo milio ya uzee ambayo haina ubaya. Dashibodi ya gari la miaka 25 italia kwenye vumbi hata ukifanyaje. Kipande cha sponji kinapunguza, na kinachobaki unasafiri nacho. Bibi anayesema kila siku kwamba vijana wa leo hawasalimii, msalimie.

Kuna kundi jingine linalonisumbua kuliko wanaolalamika, nalo ni wanaonyamaza. Ufa kwenye gurudumu la treni hauwezi kutegemewa ulie wenyewe. Kwa hiyo kwenye reli za nchi nyingi, enzi zile reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 na miaka mingi baadaye, kulikuwa na wafanyakazi wenye nyundo za mpini mrefu waliopita kando ya treni iliyosimama na kugonga gurudumu moja baada ya jingine. Zima liliitika kwa sauti ya kengele. Lenye ufa lilitoa sauti butu. Aliyegonga hakungoja malalamiko. Katika usharika wetu wapo wanaokaa benchi la nyuma, wanatoa sadaka yao, wanaondoka kabla ya matangazo. Hatuna habari zao kwa sababu hawakeri mtu. Wenzao wa jumuiya wawaendee, nyumba kwa nyumba, wawagonge kwa upole: hali ya nyumbani ikoje, usingizi unakuja, mara ya mwisho kula na mtu ilikuwa lini? Na wakisikia sauti butu wasikimbie kuitangaza kwenye maombi ya pamoja.

Ninasema kwa upole kwa sababu kusikiliza kwa karibu kunaweza kumwaibisha mtu. Mwaka 1816, huko Paris, daktari René Laennec alipaswa kusikiliza moyo wa mwanamke kijana, na kwa heshima yake akaona haifai kulaza sikio kifuani. Alikunja karatasi ikawa bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni, akausikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia. Mkunga wa zahanati anayeweka kile kibomba kifupi juu ya tumbo la mama mjamzito anaitumia njia hiyohiyo, na fundi wetu chini ya michikichi pia: bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini kwenye mfupa wa sikio. Heshima ya daktari yule haikumnyima kusikia. Ilimpa njia ya kusikia zaidi.

Eli alipoamka asubuhi alimwita Samweli na kumtaka amwambie yote, asimfiche hata neno. Kijana alikuwa anaogopa; alikuwa amefungua milango ya nyumba ya Bwana kama kila siku, akitumaini labda hataulizwa. Mzee aliuliza mwenyewe, akijua au akihisi kwamba ujumbe ni wake. Aliposikia hakumkemea aliyeuleta. Kwa yote aliyoshindwa kama baba, hapo Eli alisimama wima, na kijana yule akakua bila kuogopa kusema kweli mbele ya wakubwa.

Kwa hiyo, kuhusu mlio wa usharika wetu wenyewe, yaani manung'uniko juu ya spika za kwaya ya vijana. Yamefika kwangu kwa njia nyingi, mengine kwa barua isiyo na jina, na nimeombwa niziuze, nizipunguze sauti, na nimbadilishe kiongozi wa kwaya. Sitafanya lolote kati ya hayo kabla ya Alhamisi. Siku hiyo saa kumi jioni wazee wa kanisa, viongozi wa vijana na wote walionung'unika wakutane kanisani, spika zikiwa zimezimwa. Walioandika barua waje wenyewe, hawatakemewa. Nimewaambia wazee hivyo na nitakuwa nimekaa karibu nao. Sitauliza spika zina ubaya gani. Nitauliza yalianza lini, Jumapili gani, baada ya tangazo gani, na nani alikuwa amekaa wapi. Mama mlezi wa jumuiya ya Bitale amekubali kukaa nyuma asikilize tu. Mwacheni asiseme mpaka nimwombe. Mazoezi ya kwaya siku hiyo yatasogea mbele hadi saa kumi na mbili, na vijana wasiondoke, chai itakuwapo.